Tanzia Tuliyoicheza Mwaka wa Simba

Siku ya arobaini ya Mwanahawa, pale Kibiti, baada ya hitima kusomwa na masinia kuondolewa, shangazi yake aliniomba niseme maneno machache juu ya marehemu, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma naye. Nilisimama mbele ya wanawake waliojaa sebuleni, nikasema alikuwa mkarimu, mcheshi, mtu wa kushika ahadi, kisha nikaketi. Yote yalikuwa kweli, lakini hayakumfikia Mwanahawa ninayemjua mimi. Nililotaka kulisema lingechukua mchana kutwa. Isitoshe, mle ndani walikuwamo watu wa kijiji kile tulichosoma, na mambo ya mwaka ule hayasemwi mbele za watu mpaka leo. Nilitaka kuwaambia kwamba niliwahi kumwona Mwanahawa, msichana wa kidato cha tatu aliyejifunga kanga ya kuazima, akisimama mbele ya kijiji kilichoshikwa na woga na kusema mashairi kwa sauti ndogo, na kwamba tangu siku ile sijasikia shairi likisemwa vile. Sikusema. Nimerudi nyumbani nikaona bora niandike.

Kijiji chenyewe kiko kando ya mto Rufiji, upande wa Utete. Shule yetu haikuwa na bweni la wasichana, kwa hiyo sisi tuliotoka mbali tulipanga vyumba kwa wenyeji. Mimi na Mwanahawa tulikaa kwa bibi mmoja mjane aliyeitwa Binti Mkumba, nyumba ya mwisho kabla ya mashamba ya mpunga. Ilikuwa nyumba ya udongo iliyoezekwa nyasi, na chumba chetu kilikuwa na kitanda kimoja cha kamba, ndoo, na dirisha dogo lililozibwa kwa kipande cha bati. Ukuta uliotutenga na uwanja wa nyuma ulikuwa na nyufa, na aliyekaa kwenye gogo kule nje ungeweza kumsikia akipumua. Jioni tulikula pamoja na bibi kwenye mkeka: ugali wa muhogo, ule tunaouita bada, na kambale wa kukaushwa aliyeungwa kwa nazi. Binti Mkumba alikuwa na desturi ya kutusukumia minofu na kubaki na kichwa, akidai kwamba utamu wote wa samaki uko kichwani. Alikuwa mtu wa mzaha. Alipenda kusema jambo zito kama mchezo, na huo mzaha nusura umuue.

Simba alianza mwanzoni mwa masika. Alimchukua Hadija, mke wa mwanakijiji mmoja aliyeitwa Saidi, alipotoka kwenda kwenye jiko la uani. Saidi alikuwa ndani akingoja chakula. Alisikia sufuria ikianguka, na alipotoka hakukuwa na mtu, ila ukili wa mkeka aliokuwa akisuka mkewe ulikuwa umeburutwa mpaka kwenye majani. Baada ya hapo walifuata wengine: mzee aliyekwenda kisimani, kijana aliyelala kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti ambacho wakulima wa kwetu hulalia ili kulinda mpunga usiliwe na nguruwe. Sijui niueleze vipi woga ule kwa mtu ambaye hakuwapo. Haukuwa woga wa kupiga kelele. Ulikuwa woga wa kusikiliza. Jua likianza kulala, mazungumzo yalipungua hata katika nyumba zenye watu wengi, maana kila mtu alitaka kusikia kinachotembea nje. Tuliingiza ndoo ndani tusitoke kwenda chooni. Mwanahawa alinishika mkono tukiwa tumelala, na asubuhi nilikuta alama za kucha zake kwenye ngozi yangu. Nilikuwa nikikodolea macho nyasi za paa na kuwaza jinsi zilivyo nyepesi.

Kisha likaja lile ambalo mimi naliona baya kuliko simba. Asubuhi moja watu walikuta nyayo zake zimepita nyuma ya nyumba yetu, karibu kabisa na ukuta, na kuendelea hadi mashambani. Juma lililofuata zikaonekana tena. Wanawake kisimani wakamuuliza Binti Mkumba imekuwaje simba anapita kwake bila kubisha hodi, naye akacheka, akasema simba ana akili, anajua kwamba kikongwe hana nyama. Maneno hayo yalizunguka kijijini, na yaliporudi hayakuwa tena mzaha. Watu walisema bibi amekiri kuwa anajuana na simba. Walisema huyu si simba wa Mungu, ni simba wa mtu. Wakakumbuka kwamba amezika waume wawili, kwamba anaishi peke yake, kwamba anaongea peke yake akiwa jikoni. Kweli aliongea peke yake. Mimi nilimsikia mara nyingi, alikuwa akihesabu tasbihi. Sikuyaamini yale maneno, lakini nilipokuwa nikila naye nilijikuta naitazama mikono yake. Woga haukungoji uamini kwanza.

Katikati ya hali hiyo tulikuwa tukisoma fasihi. Mwalimu wetu wa Kiswahili, Mwalimu Ngwale, alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye shati moja jeupe la Ijumaa na jingine la siku zote. Alipenda tanzia na tenzi za kale kama wengine wanavyopenda mpira. Kipindi kimoja alituuliza mtazamaji anapata nini akitazama mchezo unaomtia hofu na kumliza. Mwanahawa akauliza kwa nini mtu atafute huzuni ya kuigiza wakati ya kweli imejaa nje. Nilidhani mwalimu atakasirika. Alikaa juu ya dawati la mbele akafikiri. Akasema hofu ya nje inamfanya kila mtu ajifungie na kujiona peke yake, na mtu aliyejifungia hamwoni mwenzake. Hofu ya jukwaani, akasema, mnaiogopa mkiwa mmekaa pamoja, mkitazama mtu mmoja ambaye si nyinyi. Ndipo huruma inapopata nafasi. Akasema watunzi wa zamani walijua kwamba hivyo viwili vinapaswa kwenda pamoja, na kwamba hofu isiyo na huruma ni kitu cha hatari sana kuachiwa watu. Tuliandika kwenye madaftari kwa ajili ya mtihani. Sikudhani kama alikuwa akisema habari za kijiji chetu. Leo nadhani hakuwa akisema habari nyingine.

Kwa ajili ya mahafali ya kidato cha nne alikuwa ametunga tanzia fupi ya mashairi, akifuata mwendo wa tenzi. Ilihusu mji uliopatwa na ugonjwa, na mama kipofu ambaye wenyeji wanaamini ndiye aliyeuleta. Mwanahawa alipewa nafasi ya mama. Mimi niliongoza kundi la wanamji, lile linalosimama pembeni na kusema wanayoyafikiri watu wote. Mazoezi ya kwanza yalikuwa ya kuchekesha. Mwanahawa alilia tangu neno la kwanza mpaka la mwisho, alijipigapiga kifua, akajitupa chini, na sisi tukampigia makofi. Mwalimu alimngoja anyanyuke ajipanguse vumbi, kisha akamwambia jambo ambalo nimelikumbuka kila ninaposoma shairi.

"Ukilia wewe, unawamalizia machozi yao. Watabaki wanakutazama tu. Sema kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani."

Mwanahawa alinuna siku mbili. Alisema mwalimu hajui uchungu ni nini. Lakini mwalimu alimweleza, taratibu, kwamba ndiyo maana shairi lina vina na mizani. Uchungu hauna kipimo, alisema, ukiuacha utamwagika kila mahali na hakuna atakayeokota kitu. Mtunzi anautia ndani ya mstari wenye hesabu, na kwa sababu umebanwa, anayesikiliza anausikia unavyosukuma. Tulianza kufanya mazoezi chumbani, Mwanahawa ameketi kitandani na mimi kwenye ndoo niliyoifudikiza, akisema beti zake bila kupandisha sauti. Binti Mkumba alisikiliza kutoka jikoni. Alikuwa hajui kusoma lakini masikio yake yalikuwa makali, na mstari ukipungua silabi aligonga mwiko kwenye sufuria.

Wiki chache kabla ya mahafali nilishikwa na malaria nikabaki nyumbani. Bibi alikwenda shamba, Mwanahawa yuko shule. Baada ya Alasiri nilisikia watu wakikaa kwenye gogo nyuma ya ukuta. Walidhani nyumba haina mtu. Nilimtambua Saidi kwa sauti, maana tangu mkewe afe sauti yake ilikuwa imekauka kama ya mtu aliyetoka kuugua. Walizungumza bila hasira, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi. Mmoja alishauri bibi apelekwe kwa mganga akanyolewe nywele ili uchawi umtoke, mwingine akasema huko ni mbali na yeye atafika huko hai arudi hai. Wakaulizana kama wasichana wanaokaa naye watakuwapo. Kisha Saidi akasema, "Akichukuliwa mtu mwingine mmoja tu, hatungoji tena." Hakuna aliyepinga. Mmoja akaomba moto wa sigara, wakaondoka. Nilitazama ule ufa ukutani, mwanga ukipita mahali walipokuwa wamekaa, na nikaziba mdomo kwa shuka kana kwamba bado wangeweza kunisikia.

Nilimweleza Mwanahawa, na kesho yake tukamweleza mwalimu. Alitusikiliza akiwa amesimama, akatuomba tusimwambie bibi. Alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, akarudi uso umemshuka. Mwenyekiti alikuwa amemwambia kwamba naye ana watoto, na kwamba akimtetea yule bibi watasema wako pamoja. Mwalimu aliandika barua wilayani kuomba askari wa wanyamapori waharakishe, akajibiwa kwamba wako njiani. Jioni ile alikuja kwetu, akakaa barazani, akamfundisha Mwanahawa beti mbili mpya ambazo hazikuwamo katika mchezo. Hakuziandika. Alizisema, Mwanahawa akazirudia, mpaka zikakaa:

Msinipige kwa hofu,
mimi ni mama dhaifu,
mwenye macho ya upofu,
nyuso zenu sizioni.

Njooni basi kwa jina,
niwajue, wangu wana,
nani wa kwanza, kijana,
kunitoa mlangoni?

Bibi alitoka jikoni akiwa na mwiko mkononi. Alisema hizo zimekaa sawa, hazina kilema. Akamkaribisha mwalimu chakula. Mwalimu alikula akiwa ameinamisha kichwa, na mimi nilishindwa kujua kama bibi ameelewa zinamhusu nani.

Siku mbili kabla ya mahafali, asubuhi, tulisikia mayowe kutoka mashambani. Mtu alikuwa amechukuliwa kwenye dungu lake. Sitaeleza waliyoyakuta. Nilichokijali mimi, na naandika bila kujipamba, ni lile neno nililosikia nyuma ya ukuta. Tulimfungia bibi ndani kwa visingizio, mara tunaumwa tumbo, mara tunataka atusuke nywele. Alitusuka, tena kwa utulivu, kichwa changu kikiwa kati ya magoti yake, na kila mtu aliyepita njiani nilimhesabu kuwa amemjia yeye. Hakuja mtu. Baadaye tuliambiwa kwamba maziko yaliwachelewesha, wakakubaliana iwe baada ya mahafali, watu wakiwa wametawanyika.

Mkuu wa shule alitaka kuahirisha sherehe, lakini wazazi walikataa. Nadhani watu walihitaji kukaa mahali pamoja mchana mweupe. Walijaa chini ya turubai baada ya Adhuhuri, kijiji kizima, wanaume upande huu, wanawake kule. Tulimwomba Binti Mkumba abaki nyumbani. Alikataa, akasema hawezi kukaa ndani wakati wajukuu zake wanacheza. Alivaa kanga mpya, akaja akaketi kwenye mkeka mbele, na wanawake waliokuwa pale wakasogea kidogo kidogo mpaka mkeka ukabaki wake peke yake. Nilimwona Saidi amesimama nyuma ya wanaume, karibu na nguzo, na wenzake watatu kando yake.

Mchezo ulianza na watu wakacheka. Walicheka ndevu za katani za mfalme, walicheka jina la mtoto wao likiitwa kwa cheo. Sisi wanamji tulisema beti zetu za hofu, kwamba maji yameharibika, kwamba watoto wanakufa, kwamba lazima awepo aliyefanya haya. Hapo kicheko kilianza kupungua. Nilikuwa nikisema maneno ya kutunga huku nikiwatazama wasikilizaji, na niliona midomo ya baadhi yao ikitikisika, kama watu wanaojua kitakachofuata. Kisha Mwanahawa akatoka. Alikuwa amefumba macho. Alitembea akipapasa mpaka katikati, akasimama, akanyoosha mikono, na akasema zile beti mbili kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Hakulia. Alipofika kwenye "njooni basi kwa jina" alitua kidogo kama mwalimu alivyomfundisha, akaligeuzia uso kundi letu. Lakini sisi tulikuwa kushoto kwake na yeye, macho yakiwa yamefumbwa, alikosea akageukia kulia, kwenye wasikilizaji. Akamalizia ubeti wake akiwaelekea wao.

Zamu ilikuwa yetu kujibu. Nilimtazama mwalimu aliyekuwa nyuma ya pazia la shuka, naye akatikisa kichwa, tusiseme. Mwanahawa alibaki amenyoosha mikono. Halafu Saidi akaanza kutembea kutoka kwenye nguzo. Watu walimpisha. Mwanamke mmoja akavuta mtoto wake. Nikajua sasa ndiyo wanalifanya, mbele yetu sote, na hakuna atakayezuia. Alipita mbele ya jukwaa bila kumtazama Mwanahawa, akafika kwenye mkeka wa Binti Mkumba, akasimama mbele yake kwa muda ambao kwangu haukuisha. Bibi aliinua uso. Hakurudi nyuma.

"Mimi Saidi," akasema. "Mimi ndiye wa kwanza." Tulimsikia akivuta pumzi. "Naogopa, mama. Tangu Hadija aondoke naogopa tu. Sijui nifanye nini na huu woga."

Akakaa chini hapo hapo, si kwenye mkeka bali kwenye vumbi, akalia. Sikuwa nimewahi kumwona mwanamume mzima wa kwetu akilia mbele za watu. Kilio kilipita kutoka kwake hadi kwa jamaa wa yule aliyezikwa juzi, kikafika kwa wanawake, na mwishowe turubai zima lilikuwa linalia, kila mtu na maiti yake. Wenzake Saidi waliondoka mmoja mmoja. Binti Mkumba hakumkumbatia wala hakumfuta machozi. Alimwambia tu kwa sauti ya chini, na waliokuwa karibu wakasikia, kwamba na yeye pia anaogopa, tena analala kwenye nyumba ya nyasi. Mchezo haukumalizika. Mpaka leo kuna watu wanaodhani ule ndio ulikuwa mwisho wake.

Nimefundisha fasihi miaka mingi sasa, na wanafunzi wangu hutaka niwaambie kwamba shairi lilimwokoa bibi. Huwa nasita. Shairi lilimpa Saidi mahali pa kusema neno alilokuwa nalo kooni, na neno hilo lilikuwa "naogopa," wala si "mchawi." Hiyo ndiyo kazi niliyoiona hisia ikiifanya katika tanzia, na sijui kubwa zaidi ya hiyo. Lakini haikuwabadilisha wote. Wiki ile ile mtu alirusha mawe juu ya paa letu. Wanawake waliendelea kunyamaza bibi alipofika kisimani. Askari wa wanyamapori walifika mwishowe, wakamuua simba karibu na bwawa. Nilikwenda kumwona. Alikuwa amekonda, mbavu zinahesabika, na mguu mmoja wa mbele ulikuwa umeoza pale waya wa mtego ulipouingia. Watu walimzunguka. Mbele ya simba kilema mwenye njaa, hakuna aliyeweza tena kudai kwamba ametumwa, ila hakuna pia aliyekwenda kwa Binti Mkumba kumwambia hivyo.

Tulipomaliza mitihani ya mwaka, bibi alitueleza kwamba anahamia Kibiti kwa mtoto wa dada yake. Mwanahawa alimwambia simba amekufa, kwa nini aondoke sasa. Bibi alikuwa akifunga vyombo vyake kwenye shuka. Alijibu bila mzaha, na ndiyo mara pekee niliyomsikia akisema hivyo.

"Simba kafa. Mimi nimebaki nawaogopa watu."

Asubuhi ya safari Saidi alikuja. Hakuitwa. Aliuliza kama anaweza kumchukulia mzigo mpaka kivukoni, na bibi akafikiri kidogo, akakubali. Bibi alimtwisha furushi kichwani, akampa mkeka mkononi. Mimi na Mwanahawa tulitoka nao hadi njia panda, tukasimama kuwatazama wakiteremka kuelekea mtoni. Katikati ya njia Saidi alisimama, akamwashiria apite mbele, kama mtu mwenye adabu anavyompisha mama yake. Binti Mkumba alitikisa kichwa. Alingoja mpaka Saidi alipotangulia tena, ndipo akaendelea, hatua kadhaa nyuma yake, na hivyo hivyo wakaenda mpaka majani yakawafunika.